Wivu wa Mkongojo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, lakini ungemwita kwa jina hilo barabarani angegeuka mara ya tatu, tena kwa mashaka. Watu walimwita Mkongojo. Alibandikwa jina hilo na watoto wenzake shuleni alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka ule surua ilipompitia mdogo wake wa kiume, ikamwachia uhai na kumnyang'anya macho. Mdogo mtu alikuwa na miaka sita. Mama yao alimkalisha binti yake kitako, akamshika mabega, akamwambia kwamba kuanzia siku ile macho yake yalikuwa ya watu wawili. Binti akalichukua neno hilo kama lilivyo, wala hakulipunguza hata chembe.

Alimpeleka mdogo wake shule, akamrudisha, akamngoja nje ya choo, akampigania na wachokozi. Njiani alimsimulia dunia: hapa kuna dimbwi, tupite kushoto, yule mwenye duka la misumari amepaka mlango rangi inayoumiza macho, huyu mama anayekuja amevaa kofia utadhani sufuria. Mdogo wake alicheka mpaka akashika tumbo. Watoto walipoanza kuimba "Mkongojo, Mkongojo" walidhani wanamkera. Kumbe mwenzao alilipokea kama cheo.

Wakakua hivyo. Mdogo mtu alisomea kazi ya simu, akaajiriwa hospitali kubwa, kwenye kile chumba kidogo ambamo simu zote za nje hupita kabla ya kwenda wodini, na tangu hapo wakamwita Opereta. Alikuwa na namba za ndani zaidi ya mia tatu kichwani, na sauti tulivu iliyowafanya watu waliopiga wakiwa na wasiwasi wakate simu wakiwa wametulia kidogo. Mkongojo akatafuta kazi kwenye duka la dobi, chumba cha nyuma, meza ya pasi. Duka lile alilichagua kwa sababu moja tu: lilikuwa mkabala na geti la hospitali. Aliwahi kuolewa. Mumewe alivumilia miaka mitatu, kisha akasema kila akinyoosha mkono kumshika mkewe anakuta kiwiko kimeshashikwa, akafunga virago vyake akaenda. Mkongojo hakulia sana. Alihamia ghorofa ya tatu, chumba kinachotazamana na cha mdogo wake, milango ikawa inapigana busu ikifunguliwa kwa pamoja.

Hadi anafikisha miaka arobaini na saba, maisha yake yalikuwa hayo. Asubuhi anagonga, mdogo wake anatoka, anamshika kiwiko, wanashuka. Jioni vilevile.

Kisha mwaka mmoja, mvua zilipokwisha, Opereta alisema anakwenda kwenye kozi ya kazini, wiki nne, mji mwingine. Mkongojo akampangia nguo, akapiga pasi mpaka soksi. Aliporudi, hakurudi peke yake. Alipanda ngazi ameshika mpini, mpini umefungwa kwenye mkanda mpana wa ngozi, na ndani ya mkanda alikuwamo mbwa jike wa rangi ya chai ya maziwa, kifua kipana, uso wa mtu anayesoma barua ya serikali. Opereta alipoelezwa sura hiyo alimpa jina la Karani. Nyuma yao alipanda mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, mkufunzi wa chama kinachofundisha mbwa kuwaongoza wasioona. Kozi ya kazini haikuwapo. Opereta alikuwa ameomba mbwa miaka miwili nyuma, akangoja zamu yake kimya kimya, na zile wiki nne zote alikuwa akijifunza kutembea naye.

"Ningekwambia, ungenikataza," alimwambia dada yake. "Na mimi ningekusikiliza."

Mkufunzi alimweleza Mkongojo masharti. Mbwa akiwa ndani ya mkanda yuko kazini, asiitwe, asiguswe, asipewe chakula na mtu mwingine yeyote. Kama angetaka kusaidia, alisema kwa upole, msaada mkubwa ungekuwa kukaa mbali miezi ya mwanzo ili wale wawili wazoeane. Mkongojo aliitikia kwa kichwa. Fundi saa wa chumba cha chini, mtu wa utani, alikutana naye kwenye ngazi jioni ile akampa pole na hongera kwa pamoja. Alisema miaka yote wapangaji walijiuliza mdogo mtu ataoa lini, kumbe wifi mwenyewe alikuwa bado anasomeshwa. Jengo zima likacheka. Kesho yake kila aliyekutana na Mkongojo alimuuliza wifi ameamkaje.

Asubuhi ile ya kwanza alivaa viatu, akagonga mlango kama kawaida, akatoa kiwiko. Opereta alikuwa ameshasimama kizingitini, mkono kwenye mpini.

"Dada, leo sisi tutatangulia," alisema.

Lile neno "sisi" lilimwingia Mkongojo kama mwiba wa samaki. Miaka thelathini na sita "sisi" ilikuwa ni yeye.

Aliwaacha washuke, akahesabu mpaka hamsini, akawafuata.

Alijiambia anawafuata kwa usalama. Hakuwa akijidanganya sana. Alijua vizuri kwamba anangoja mbwa akosee. Alitembea hatua ishirini nyuma yao, upande wa pili wa barabara, mkoba kifuani, akitazama kila kona kwa matumaini mabaya. Karani hakukosea. Alisimama penye ukingo, alizunguka pipa la taka, alingoja magari yapite. Na kilichomuuma Mkongojo kuliko yote hakikuwa hicho. Kilikuwa mwendo. Mdogo wake alikuwa anatembea haraka, mabega nyuma, koti linapepea, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Miaka mingi sasa akiwa na dada yake alitembea polepole, kwa kunyata, na Mkongojo aliamini kabisa kwamba ndivyo vipofu wanavyotembea. Sasa alilazimika kukimbia kimyakimya ili asiwapoteze, goti lake la kulia likimchoma.

Kuanzia hapo kila kitu kilimuuma. Jumamosi Opereta alimchana mbwa manyoya kwa brashi, taratibu, akimnong'oneza, na Mkongojo akasimama nyuma ya mlango wake akijiuliza ananong'onezwa nini ambacho yeye hakuwahi kuambiwa. Wauguzi getini walimsalimia Karani kwa jina. Mkongojo alikuwa amepita geti lile miaka kumi na sita na hakuna aliyejua hata kama anajua kusoma. Kazini aliunguza kola ya shati jeupe, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea tangu aanze kushika pasi. Mwenye duka alimtazama kwa jicho pembe, akamwambia akapumzike. Mkongojo akasema hajachoka. Na kweli hakuwa amechoka. Alikuwa na wivu, wivu ule wa mke aliyeletewa mwenzake, na aibu juu yake, maana mwenza mwenyewe ana mkia.

Msimu wa joto ukaingia kwa nguvu mwaka ule. Wakati huohuo mwenzake Opereta aliyekuwa akishika zamu ya mchana alikwenda likizo ya uzazi, na Opereta akapewa zamu yake, inayoanza saa saba. Ikawa wanatoka nyumbani saa sita na nusu, jua limesimama wima utosini. Mkongojo akaomba mwenye duka ambadilishie mapumziko yake yawe saa hiyo. Alisema anakwenda kula.

Njia yao ilianzia chini ya vibaraza vya maduka, penye kivuli, lakini mwisho wake ilikuwa lazima kuvuka uwanja wa kuegesha magari wa hospitali: lami nyeusi, mpya, pana, bila mti hata mmoja, yenye vifuniko vya chuma juu ya mitaro. Siku ya tatu ya zamu ile, Mkongojo aliona Karani akisita mwanzo wa lami. Siku ya nne akavuta pembeni kufuata kivuli chembamba cha ukuta, na Opereta akajigonga bega kwenye nguzo. Siku ya tano mbwa alivuka kwa kunyanyua miguu juu juu, akipita kifuniko cha chuma akaruka kando ghafla, na Opereta nusura aanguke. Alisimama katikati ya uwanja, amechanganyikiwa, akimuuliza mbwa kuna nini.

Mkongojo alikuwa ameona yote hayo kutoka penye duka la maua. Roho yake, tusifiche, ilifurahi.

Na alijua sababu. Siku moja kabla, akiwafuata, ukanda wa ndala yake ulikatika palepale uwanjani, mguu mtupu ukakanyaga lami. Aliruka kama bisi. Mtu aliyeshika pasi miaka kumi na sita hahitaji kuelezwa joto. Aliinama, akalamba kidole, akagusa lami kama anavyogusa pasi kabla ya kuiweka kwenye hariri. Angekuwa na hariri, asingeiweka pale. Jioni ileile aliona kwa upenyo wa mlango Karani amelala anajilamba nyayo, mguu huu, halafu ule, halafu huu tena. Aliona pia kwamba unyayo mmoja wa mbele ulikuwa mwekundu.

Akanyamaza. Alijiambia amekatazwa kumgusa mbwa, na aliyemkataza ana cheti. Alijiambia mkufunzi atakuja mwenyewe aone. Alijiambia mengi, kila moja lina miguu ya kusimama, na yote kwa pamoja hayakumpa usingizi mzuri.

Siku ya sita jioni Opereta aligonga mlango wake. Hakuingia. Alisimama kizingitini, bega lina uvimbe chini ya shati.

"Dada, wewe unaona," alisema. "Nikimshika miguu anaivuta. Nikimpeleka kazini anasita. Karani ana nini?"

Mkongojo alimtazama yule mdogo wake, uso umeelekezwa kidogo pembeni ya pale alipo, kama alivyozoea kuuelekeza tangu akiwa na miaka sita, akingoja kuambiwa kilichopo. Neno la kweli lilikuwa fupi. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Mvivu tu," akasema. "Wanyama ndivyo walivyo. Wanafanya kazi wiki mbili tatu, wakishazoea wanachoka nayo."

Opereta alishusha pumzi, akashukuru. Hakuuliza mara ya pili. Tangu awe kipofu hakuwahi kumuuliza dada yake kitu mara ya pili.

Kesho yake Karani alibaki nyumbani, na Opereta akashika kiwiko. Mkongojo alikuwa ameivaa ile blauzi yake ya shughuli. Walishuka ngazi, akaanza kumsimulia kila kitu kwa pupa, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila wa kuongea naye: duka la viatu limefungwa, kuna mfereji umechimbwa, kuna mwanamume anabeba kabati kichwani peke yake. Opereta aliitikia "mm". Mkono wake ulikuwa mwepesi pale kiwikoni, mwepesi kama mkono wa mgeni juu ya kiti cha watu. Siku ya pili vilevile. Mkongojo alipata alichokitaka na kilikuwa kitamu kwa muda usiozidi ngazi za ghorofa moja. Halafu jioni alimsikia akipiga simu kwa mkufunzi, akimwambia kwa sauti yake ya kazini, tulivu, kwamba labda mbwa hakumfaa, labda yeye ndiye hakufaa, waje wamchukue apewe mtu mwingine.

Mkufunzi alifika kesho yake kabla ya saa sita na zile buti zake. Hakukaa. Alipiga magoti sakafuni chumbani kwa Opereta, akamwita Karani, akainua mguu wa mbele wa kulia. Akautazama. Akainua wa kushoto. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akapanua vidole vya mbwa kimoja kimoja, na katikati ya viwili akavuta kwa kibano kipande cha chupa kisichozidi punje ya mchele. Zile nyama ngumu za chini ya nyayo zilikuwa zimebabuka, ngozi imejikunja pembeni kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Alimwomba Opereta ainame, akamshika mkono, akaupitisha taratibu penye jeraha. Karani alitetemeka lakini hakuuvuta mguu. Opereta akatoa mkono wake kama aliyeunguzwa yeye.

Ndipo mkufunzi aliposimama, akamtazama Mkongojo aliyekuwa mlangoni.

"Ndani ya nyumba hii nani mwenye macho?" akauliza.

Opereta alijibu kabla yake. Alisema kosa ni lake. Alifundishwa kushika miguu kila jioni, na mbwa alipoivuta hakujua ni maumivu, akaenda kumuuliza dada yake, na dada yake naye hakuona. Alimtetea. Angeweza kuliacha likaishia pale. Hakuna shahidi duniani ambaye angekuja kulifukua. Lakini kule kutetewa kulimkaba Mkongojo kuliko kushtakiwa.

"Niliona," alisema. "Nilijua tangu siku ya nne. Lami inaunguza, niliigusa mwenyewe. Nikakudanganya."

Opereta aligeuza uso kuelekea sauti yake, kisha akaugeuza tena kuelekea alipo mbwa. Hakumfokea. Aliomba tu mkanda uteremshwe ukutani apewe mkufunzi, maana Karani alikuwa akiondoka kwenda kutibiwa, wiki tatu.

Wiki zile tatu zilikuwa ndefu. Opereta alichukua fimbo nyeupe aliyokuwa ameiweka juu ya kabati, akaenda kazini nayo peke yake. Mkongojo alipotoa kiwiko, alisema ahsante, hapana. Walisalimiana asubuhi na jioni kama wapangaji. Siku moja Opereta alirudi na mpasuko kwenye goti la suruali, suruali ambayo Mkongojo aliipiga pasi, na hakumwomba aishone. Mkongojo hakumfuata tena. Kazini alipiga pasi mashati ya watu wengine, mvuke ukimpanda usoni, akawaza kwamba hata sasa, mbwa akiwa hayupo kabisa, bado ndiye aliyekuwa ameketi katikati yao wawili. Alimwonea wivu hata kwa kukosekana kwake.

Jumapili ya kwanza alipanda basi, akaenda mpaka kwa mkufunzi, upande mwingine wa mji, nyumba yenye ua mrefu wa majani. Mkufunzi alimkaribisha kwa uso mkavu. Karani alikuwa kivulini, miguu miwili imefungwa bendeji, akainua kichwa, akamtambua, akakirudisha chini. Mkongojo alisema hakuja kuomba msamaha wa mbwa, maana hajui unaombwaje. Alikuja kuuliza kama kuna viatu vya mbwa, na kama vipo, vinashonwaje.

Mkufunzi akamchukua uani, akamfundisha jinsi anavyofundisha wengine, bila kumpamba. Weka nyuma ya kiganja chako chini, hesabu saba polepole. Ukishindwa wewe, naye atashindwa. Chuma kinaunguza kuliko lami, lami kuliko simenti, simenti kuliko udongo, na majani ndiyo rafiki. Kiatu ni cha pale tu njia nyingine isipokuwepo. Kwanza badilisha saa, kisha badilisha njia, mwisho ndiyo kiatu. Asivae kutwa, maana mbwa hutoa jasho nyayoni. Jioni osha miguu kwa maji ya kawaida, kausha katikati ya vidole, tafuta miiba, vigae, mafuta ya magari. Unyayo upimwe mbwa akiwa amesimama, uzito umeshuka, vidole vimefunguka. Mkongojo alichora nyayo za mbele na za nyuma kwenye karatasi ya kufungia nguo za wateja, huku Karani akitazama kwingine kwa heshima zote, kama mtu anayepimwa suruali na fundi asiyempenda.

Alishona chumbani kwake. Kwa juu alitumia kile kitambaa kizito kinachotandikwa kwenye meza ya pasi, maana alijua kinavyostahimili moto. Mwenye duka alimpa kipande kilichochakaa. Kwa chini alitumia mpira wa ndani wa tairi. Jozi ya kwanza, alipoipeleka Jumapili iliyofuata, Karani alisimama nayo kama kabati, akanyanyua mguu mmoja juu kabisa akautikisa, kiatu kikaruka kikaangukia kwenye beseni la maji. Mkufunzi alicheka, mara ya kwanza Mkongojo kumwona akicheka. Jozi ya pili ilikaa, lakini soli ilikuwa nene mno. Mbwa hakuusikia ukingo wa ngazi, akajikwaa. Mbwa wa kuongoza asipousikia ukingo, alisema mkufunzi, bora abaki nyumbani. Mkongojo akarudi kufumua.

Jozi ya tatu aliijaribu mwenyewe. Saa sita na nusu, wakati wa mapumziko, alikwenda katikati ya uwanja wa hospitali, akachuchumaa, akatia mkono ndani ya kiatu kidogo cha mbwa, akakikandamiza kwenye lami kwa uzito wake wote, akahesabu. Mlinzi wa geti alimwuliza kama amepoteza kitu. Akasema ndiyo, akaendelea kuhesabu. Alifika mia mbili kabla ya kusikia uvuguvugu.

Alipoinuka, jasho linamchuruzika, Opereta alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja na fimbo yake, anakwenda zamu. Mkongojo hakumwita. Alinyata kuelekea ukingoni ampite.

"Najua upo hapo," Opereta alisema. "Unanuka pasi. Nilikuwa nikiisikia harufu hiyo nyuma yetu kila siku, tangu siku ya kwanza."

Mkongojo akasema alikuwa anajaribu viatu.

"Kutufuata hakukuniudhi," Opereta akaendelea. "Hata nilimwambia Karani, tusiende mbio sana, dada yuko nyuma. Lakini uliniona nikijigonga kwenye nguzo ukanyamaza. Maisha yangu yote nimekuuliza mbele kuna nini, na sikuwahi kujiuliza kama jibu ni kweli. Sasa nitakuwa najiuliza. Sijui kwa muda gani."

Mkongojo alilipokea lile, maana lilikuwa lake. Halafu likamtoka jambo ambalo hakukusudia kulisema pale, juani, watu wakipita.

"Ulikuwa unatembea haraka naye," akasema. "Na mimi hutembei hivyo."

Opereta akakuna kidevu.

"Goti lako, dada," alisema. "Lile la kulia. Ukilikanyagia unavuta pumzi kwa meno. Nimepunguza mwendo mwaka wa tisa huu. Nilidhani unajua."

Hakujua. Alisimama na kile kiatu mkononi kama glavu. Ikamjia kwamba miaka tisa hata yeye alikuwa akiongozwa, kwa kiwiko kilekile, na hakuna aliyempa jina kwa kazi hiyo. Opereta alisema anachelewa, akanyoosha fimbo yake, akavuka lami peke yake, akigonga vifuniko vya chuma kimoja kimoja.

Karani alirudishwa wiki iliyofuata. Mkufunzi alimwambia Opereta waziwazi kwamba angewapa mwezi mmoja wa kuangaliwa. Opereta alikwenda kwa mkuu wake, kitu ambacho angekifanya tangu mwanzo kama angejua, akapata kubadilishana na mwenzake wa zamu ya asubuhi. Wakawa wanatoka kabla jua halijapata meno. Mlinzi wa geti akawafungulia mlango mdogo wa pembeni unaopita kwenye majani. Viatu vikawa vya dharura. Karani alifundishwa kuvivaa ndani ya nyumba kwanza, dakika mbili, tano, kumi, akipewa chakula kidogo kila mara, mpaka akaacha kutembea kama anayekanyaga matope.

Kazi ya miguu ya jioni alipewa Mkongojo. Hakuiomba. Opereta alisema tu siku moja kwamba vidole vyake havioni kigae kidogo kama punje, na yupo mwenye macho hapa. Akalisema hivyohivyo, bila sukari wala chumvi. Basi kila jioni Mkongojo aliketi sakafuni na beseni na taulo, akapanua vidole, akatazama, akasema kwa sauti alichoona: hapa safi, hapa kuna mchanga, hapa ukucha umerefuka. Na kila mara Opereta alinyoosha mkono akapitisha kidole palepale, kuhakikisha. Hilo lilimuuma kila jioni. Hakulalamika.

Wivu haukumtoka. Karani alimpa miguu yake yote minne bila ubishi, lakini kichwa alikielekeza kwa Opereta, na Mkongojo alipomaliza tu, mbwa aliinuka akaenda kujilaza juu ya miguu ya bwana wake, akishusha pumzi ndefu ya raha. Siku nyingine Mkongojo alikuwa akitoka pale akavuka ukumbi, akafunga mlango wake kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Fundi saa aliposema wifi anapendeza na viatu vyake, alimjibu kwamba wifi huyo angalau hapigi soga kwenye ngazi.

Mwezi ulipokwisha na mkufunzi akaridhika, ikatokea simu za hospitali zikaharibika mchana, Opereta akaitwa aende haraka, saa sita hiyohiyo. Ilikuwa siku ya mapumziko kwa ndugu wote wawili. Mkongojo alishuka nao mpaka mlango wa nje, akapiga goti zuri chini, lile bovu akaliacha limenyooka, akamvisha Karani viatu: wa mbele kulia, wa mbele kushoto, wa nyuma. Mguu wa nne Karani aliutoa mwenyewe kabla hajaombwa. Mkongojo alifunga kamba, akapitisha kidole ndani kuona kama haibani, akasema tayari.

Opereta alishika mpini. Akamgusa dada yake begani alipokuwa bado amepiga goti. Wakaondoka, wale wawili, kwa mwendo wao, koti linapepea, viatu vya kitambaa cha pasi vikipiga lami tap, tap, tap. Mkongojo aliwatazama mpaka wakafika kona ya duka la misumari. Roho ilimchoma palepale inapochoma siku zote. Akashika ukingo wa mlango, akainuka, akapanda ngazi moja moja hadi ghorofa ya tatu. Mkufunzi alikuwa ameagiza jozi mbili za mbwa mwingine, wa mwalimu mmoja asiyeona anayevuka kituo cha mabasi kila siku, na kitambaa kilikuwa bado hakijakatwa.